Kati ya U na Ki

Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyeniwezesha kufika mwisho wa kazi nikiwa bado nasoma maandishi madogo, mradi mtu anishikie karatasi mbali kidogo. Nimestaafu mwezi uliopita. Ninyi mliobaki kwenye ile meza mliniomba niwaandikie namna tulivyokuwa tukiwashauri wanaotaka kuendelea na masomo baada ya shahada ya kwanza, hasa hawa wanaoingia mlangoni wakisema wanataka kusomea utamaduni na utambulisho wa watu wao. Mliomba mwongozo. Mwongozo uko kabatini, rafu ya pili, na sijamwona mtu akiufungua tangu uchapishwe. Mimi nitaandika niliyoyaona.

Siku yangu ya kwanza kituo chetu kilikuwa vilevile mnavyokijua, vyumba viwili nyuma ya duka la mabati hapa Isiolo mjini, ila chumba kimoja kilikuwa bado kimejaa mifuko ya saruji ya mwenye duka. Makao ya chuo kikuu yako mbali. Sisi tulikuwa mlango wa nyuma. Nilitoka kufundisha madrasa, na shahada yangu niliipata ukubwani, ndevu zikiwa tayari na mvi. Watu waliniita Maalim Halake, na jina hilo likanifuata ofisini, hata barua za chuo zikaja zimeandikwa hivyo, kana kwamba Maalim ndilo jina nililopewa na mama yangu.

Aliyenipokea ni Bi. Kawira, Mmeru, mzee wa kanisa, mwenye sauti ndogo na macho yasiyopitwa na kitu. Alinionyesha kiti changu akasema, "Maalim, hapa kuna sheria mbili. Usiahidi mtu nafasi. Na chai inapikwa na mwenye kufika kwanza." Nilijitahidi miaka mingi kufika kwanza na sikuweza. Adhuhuri nilipokwenda msikitini, yeye ndiye aliyekaa mlangoni akiwaambia wageni, "Ngojeni kidogo, Maalim ameitwa na mkubwa wake." Mgeni mmoja aliondoka akiamini kwamba mkuu wa chuo anakuja Isiolo kila siku saa saba.

Siku hiyohiyo aliingia kijana mmoja aliyemaliza shahada ya ualimu. Alinisalimia kwa salaam, nikaitikia, nikamuuliza anataka kusomea nini. Akasema, "Utamaduni." Nilifurahi sana. Nikafungua kabati nikampa vijitabu vyote vya kozi tulivyokuwa navyo, akaondoka amevikumbatia kwa mikono miwili. Hakurudi. Bi. Kawira alingoja mpaka jioni, ndipo akaniuliza, "Yule kijana, ni kitu gani kinamsumbua?" Nikasema sijui, hakuniambia. Akasema, "Hukumuuliza."

Kesho yake alitoa kwenye droo kaunta buku kubwa lenye jalada jeusi. Kila ukurasa alikuwa ameugawa katikati kwa rula. Kushoto liliandikwa swali la mtu, kulia jina lake. Nikamwambia kwamba kwa kawaida jina hutangulia. Akanijibu, "Jina amekuja nalo. Swali ndilo hana bado." Hicho ndicho chombo cha kwanza nilichofundishwa kukitumia katika kazi hii. Mashine ya kuchapa, muhuri, kompyuta, vyote vilikuja baadaye na vyote viliharibika kabla ya buku.

Polepole nikajifunza kwamba mtu anayesema anataka kusomea utamaduni wake huwa amesimama mbele ya milango mingi asiyoijua. Nilikuwa nikimwuliza maswali madogo. Je, kinachokukosesha raha ni kwamba watoto wa dada yako hawajui lugha ya nyanya yao? Hapo nilimwelekeza kwenye isimu, nikamwonya kwamba atasikiliza kanda moja mara nyingi mpaka aichukie. Je, ni nyimbo, hadithi na mafumbo ya wazee? Hiyo ni fasihi simulizi. Je, ni vile vibuyu na vigoda vinavyouzwa kwa wageni kando ya barabara na hakuna anayekumbuka vilitumiwaje? Masomo ya urithi na makumbusho. Aliyetaka kujua watu walihama lini na kwa nini, historia. Aliyetaka kukaa na watu, kula nao, kuwatazama wakiishi na kuwauliza maana ya wanayoyafanya, anthropolojia, na huyo nilimwambia anunue viatu vizuri. Wapo pia waliokuja na maswali ya ibada, nao niliwapeleka kwenye masomo ya dini nikijizuia nisiwafundishe mwenyewe palepale.

Yote haya yana vyuo vinavyoyafundisha, mengine darasani, mengine mwishoni mwa wiki, mengine mtandaoni kwa mwenye stima na subira. Lakini mlango wowote uingiao, mwisho wake ni uleule. Utaandika pendekezo la utafiti, na jopo la maprofesa litakuuliza swali lako ni lipi. Nimeona watu wenye akili nyingi wakiangukia hapo.

Sasa niwaeleze kesi iliyonifundisha zaidi, na kosa ndani yake ni langu.

Akiru alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Ngaremara, alikozaliwa. Alikubaliwa kusoma anthropolojia, akamaliza masomo ya darasani vizuri, akaandika pendekezo lake: utambulisho wa kitamaduni wa Waturkana wa Isiolo. Jopo likalirudisha likisema ni pana mno na halina swali. Akaandika la pili, safari hii kwa maneno makubwa aliyoyaokota vitabuni. Likarudishwa pia. Barua ilisema lisipopita la tatu kabla ya muhula kufungwa, nafasi yake itafutwa.

Aliiweka ile barua mezani petu, akaketi. "Maalim, shuleni walimu wenzangu wananicheka. Wananiambia, bado unasomea mila? Si uulize nyanya yako upewe digrii?"

"Na wewe unawajibu nini?"

"Nawaambia nyanya alikufa kabla sijajua kuuliza." Alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka. "Nikipoteza hii nafasi sitaomba tena. Sina nguvu ya kuanza mwanzo."

Nilifungua buku. Ukurasa wake ulikuwa na jina tu, upande wa kulia. Upande wa kushoto nilikuwa nimeandika maswali matatu kwa nyakati tofauti, na yote nilikuwa nimeyakata. Tukakubaliana kwamba asiandike tena kutoka kichwani. Aende kwao, akae na wazee, wake kwa waume, awasikilize kwanza. Mkutano wa kwanza utakuwa Jumamosi, katika darasa la shule yake, nami nitakwenda naye. Kwa utaratibu ilibidi chifu apelekewe barua aisome kwenye baraza. Nikajitolea kuiandika.

Hapa nakiri udhaifu wangu. Mtu aliyelelewa na vitabu vya dini huzoea kupenda neno lililokaa sawasawa. Niliandika kwamba Mwalimu Akiru atazungumza na wakazi kuhusu utambulisho wao. Bi. Kawira aliisoma, akaweka kidole juu ya neno lile.

"Hili neno, Maalim, watu watalijua?"

"Ndilo Kiswahili sanifu," nikamwambia.

Aliinua kidole. "Haya," akasema.

Jumamosi asubuhi tulipofika Ngaremara, darasa lilikuwa limejaa na watu wengine wamesimama nje wakichungulia madirishani. Akiru alinishika mkono wa kanzu kwa furaha. Alikuwa hajawahi kuona watu wengi hivyo hata siku ya wazazi. Kisha nikaona mikono yao. Kila mtu alikuwa ameshika karatasi. Kadi za kliniki, kadi za ubatizo, vyeti vya shule, kitambulisho cha zamani cha marehemu baba kimefungwa ndani ya mfuko wa sukari. Mama mmoja alikuwa na kadi ambayo mbuzi alikuwa amekula kona yake, naye alikuja na jirani wa kuthibitisha kwamba kweli ni mbuzi.

Mzee mmoja mwenye kigoda chake mkononi alinikaribia. "Mzee wa kofia, mashine iko wapi?"

"Mashine gani, mzee?"

"Ya vidole. Na ya picha. Ama mnapiga picha na simu siku hizi?"

Akiru alinitazama. Nilihisi jasho likitoka chini ya kofia. Tukamtafuta chifu, tukamkuta akipanga mistari, wanawake huku na wanaume kule, ametoka jasho kutushinda.

"Chifu," nikasema, "hawa watu wameambiwa nini?"

"Wameambiwa vile umeandika." Akatoa barua yangu mfukoni. "Ila hapa kulikuwa na makosa ya kupiga chapa, nikarekebisha." Juu ya neno langu zuri, herufi U ilikuwa imekatwa kwa kalamu nyekundu, na pembeni yake kumeandikwa Ki, kwa mwandiko safi kabisa.

Sikumlaumu. Kwetu huku, ukitamka utambulisho, mtu haoni utamaduni. Anaona foleni, anaona ofisi, anaona mtu nyuma ya meza akimwambia arudi wiki ijayo na karatasi nyingine. Mimi mwenyewe Mborana wa hapa, nilisimama mbele ya wazee nikitaja baba, babu na baba wa babu kabla ya kupewa kitambulisho changu. Nililijua jambo hilo kwa mwili wangu, nikalisahau nikiwa na kalamu mkononi.

Ilibidi nisimame niseme ukweli. Nilisema hatuna vitambulisho, hatutoki serikalini, neno lilikuwa langu na kosa ni langu, na ninaomba radhi. Kisha yule mzee wa kigoda akasema kwa sauti, "Leo Borana hakuja kuiba ng'ombe zetu. Amekuja kutuita kwa kitu hata hawezi kutupa." Watu wakacheka, nami nikacheka, maana utani ule ulikuwa wa kuniokoa. Lakini wengi walikunja karatasi zao taratibu na kuondoka, na huko kukunja ndiko kulikoniuma.

Mama mmoja hakucheka wala hakuondoka. Alikuwa ameketi dawati la mbele, dawati la mtoto, magoti yakigusana na ubao. Wote walimwita Mama Ewoi. Alikuwa akiuza mkaa kando ya barabara kuu, na asubuhi hiyo alikuwa ameacha magunia yake kwa jirani. Mwanawe Ewoi alikuwa amemaliza kidato cha nne, na ili apate kitambulisho aliambiwa alete cha mzazi. Baba alikwisha kufa na chake kikapotea. Mama hakuwahi kuwa nacho.

"Mwalimu," alimwambia Akiru, "basi mlituita kwa nini?"

Akiru akajibu polepole, "Mama, nilitaka kujua mkisema nyinyi ni watu gani, mnasemaje."

"Ati mnataka kujua mimi ni nani."

"Ndiyo, Mama."

"Hata ile ofisi inataka kujua mimi ni nani. Nimeenda huko mpaka askari wa geti ananisalimia na jina." Akageuka akanitazama mimi pia. "Sasa niambieni. Nyinyi na ofisi mnatafuta kitu moja, ama ni vitu mbili?"

Dawati lilikuwa na vumbi, naye akachora juu yake kwa kidole, mstari na nusu duara. "Hii ni chapa ya ng'ombe wa baba yangu, chapa ya ukoo. Nilizaliwa ndani yake. Nilipoolewa nikaiacha, nikaingia hii." Akachora nyingine pembeni. "Vile navaa, nyama nakula na ile sikuli, yote ikabadilika. Ofisini wakaniuliza jina ya baba. Nikawaambia, lakini mimi si wa baba tena. Wakasema nimechanganyikiwa."

Niliona uso wa Akiru. Nimewahi kuona uso wa aina hiyo kwa wanafunzi wa madrasa, siku aya waliyoikariri miezi mingi inapofunguka maana.

Njiani tukirudi nilimwambia, "Alhamdulillahi, swali limepatikana. Andika leo kabla hujasahau, Jumatatu tulipeleke."

Akiru akalirudisha daftari mkobani. "Siwezi kuyatumia yale ya leo, Maalim."

"Kwa nini? Muhula unafungwa karibuni!"

"Walikuja kwa kitu kingine. Mama Ewoi aliniambia yale akidhani atapata kadi, ama akiwa na hasira kwa kuikosa. Hakukubali kuwa utafiti wa mtu. Nikiandika hivyo, mimi pia ni ofisi."

Nilijaribu kumshawishi, naandika hili kwa aibu. Nilikuwa nimeogopa kuliko yeye. Nilimwambia jopo halitajua. Akaniuliza, kwa heshima zote, kama hilo ndilo nililowafundisha watoto wa madrasa. Mazungumzo yakaishia hapo.

Jumatatu Bi. Kawira alinisikiliza mpaka mwisho, akanimiminia chai, akasukuma karatasi tupu mbele yangu. Barua ya pili tuliiandika pamoja, naye akakataa kila neno ambalo mama muuza mkaa asingelitumia. Ilisema: Mwalimu Akiru anataka kuuliza, ukiambiwa uonyeshe wewe ni nani, unaonyesha nini? Yeye haleti kitambulisho. Hana mashine. Asiyetaka kuja asije. Chini yake Akiru akaongeza kwa mkono wake kwamba mtu anaweza kubadili mawazo hata akishasema. Chifu aliisoma, akasema safari hii hakuna makosa ya kupiga chapa.

Kuhusu zile karatasi, dini yangu inafundisha kwamba ukimkosea mtu, kuomba msamaha msikitini peke yake hakutoshi, sharti umwendee mwenyewe. Nilikaa na chifu tukaandika majina ya wote waliokuja na nani amepungukiwa na nini. Kwa Jumatatu kadhaa niliongozana nao kwenye ofisi ya usajili, watu wachache kwa zamu, nikijaza fomu, nikieleza kesi ya mbuzi. Haikuwa kazi yangu. Lakini niliyewaita ni mimi.

Mkutano wa pili walikuja watu wanaoenea kwenye benchi mbili. Akiru alikuwa akitazama mlango bila kujifanya hatazami. Tulipokaribia kuanza, Mama Ewoi akaingia, mikono myeusi kwa mkaa.

"Umekuja, Mama," Akiru akasema. "Nilidhani ulikasirika."

"Nilikasirika. Lakini sikuwa nimemaliza kusema. Na nani amekuambia mtu akikasirika anamaliza?"

Aliongea mpaka wenzake wakamwambia awaachie nafasi. Alipomaliza, Akiru alimsomea yote aliyoandika, naye akasahihisha mahali pawili na kuagiza jambo moja lifutwe, kwa kuwa lilimhusu shemeji yake.

Pendekezo la tatu lilipelekwa alasiri ya mwisho ya muhula, mtandao ukikatika na kurudi, Bi. Kawira akisali kwa namna yake na mimi kwa yangu. Halikuwa tena la Waturkana wote wa Isiolo. Lilihusu wanawake wa mahali pamoja, na walichobeba walipotakiwa wajithibitishe. Lilipita. Jopo liliomba marekebisho machache, na mjumbe mmoja akataka kujua ile barua ya kwanza iliandikwa na nani. Akiru alijibu kwamba iliandikwa na mtu anayependa Kiswahili sana.

Siku hiyo nilifungua buku. Kushoto niliandika: kitu kimoja au vitu viwili? Kulia palikuwa na jina la Akiru. Yeye mwenyewe alichukua kalamu, akaongeza chini ya jina lake: Mama Ewoi. Ndilo jina pekee katika buku lote la mtu ambaye hakuomba nafasi ya kusoma. Buku sasa liko kwenye droo yenu, na kurasa bado zipo. Tafadhali msiligeuze kuwa la mahudhurio.

Nimebakiza jambo moja. Kitambulisho cha Mama Ewoi kilitoka, alhamdulillahi, baada ya safari nyingi. Akiru na mimi tulikwenda kumwona pale anapouzia mkaa, na Ewoi alikuwepo akipanga magunia. Mama alikitoa kifuani, kimefungwa kwa nailoni mara mbili, akampa Akiru.

"Nisomee. Inasema mimi ni nani?"

Akiru akasoma jina. Akasoma tarehe ya kuzaliwa, ambayo ofisi ilikuwa imeweka mwezi wa kwanza, tarehe moja.

"Nani alikuwa hapo nikizaliwa?" Mama akauliza.

Akiru akaendelea, mwanamke, mahali alipozaliwa, mahali kadi ilipotolewa. Hapo maandishi yakaisha.

"Ni hiyo tu?"

"Ni hiyo tu, Mama."

Alikichukua, akakigeuza nyuma, akatazama alama ya kidole chake mwenyewe kwa muda, kama mtu anayetazama unyayo njiani. Mimi nilikuwa nikifikiria yale maswali tunayofundishwa kwamba kila mtu ataulizwa kaburini, na kwamba kati yake halimo la namba ya kadi. Mama akakifunga tena kwenye nailoni, akamwita mwanawe.

"Ewoi, shika, peleka kesho. Hii ni ya ofisi." Kisha akamwonyesha Akiru kwa kidevu. "Ile ingine iko kwa Mwalimu."

Gari likasimama kando ya barabara, dereva akauliza gunia ni ngapi, naye akaenda kuuza mkaa.